Jinsi Tulivyomgonga Mhuli Mara Mbili

Ijumaa iliyopita nilistaafu, nikarudisha stoo ovaroli mbili, jozi ya buti na ufunguo wa kabati. Karani alivikagua kimoja kimoja, kisha akaniuliza nyundo iko wapi. Nikamwambia nyundo ipo kwa Nyanzobe, na kwamba tangu mwanzo haikuwa mali ya stoo. Akaandika "haipo". Sikubishana naye. Kwa upande wake alikuwa sahihi, haikuwepo.

Ninyi vijana wa karakana ndio mlioniomba niandike kazi ilivyokuwa. Mimi niliishia darasa la saba, na mwandiko wangu mmeucheka vya kutosha kwenye ubao wa zamu. Ila tangu nianze kazi nina mazoea ya kuandika mistari miwili mitatu kila jioni kwenye daftari. Madaftari hayo nimeyafungua mezani, mengine yameliwa na panya. Pale daftari linaposema hivi na mtu mwingine anakumbuka vile, nitayaandika yote mawili. Mambo ya vyeo nayaacha, kwa sababu kila nilipopandishwa, kesho yake niliamka kufanya kazi ile ile ya jana.

Siku ya kwanza nilifika shedi ya reli ya Shinyanga nimevaa suruali ya kanisani. Hakuna aliyekuwa ameniambia kazi yenyewe ni ipi. Foromani wa wakati huo alinitazama, akacheka puani, akanipeleka kwa mzee Rashidi, fundi boila. Alikuwa mtu mfupi, mzaliwa wa Tabora, baba yake mtu wa pwani na mama yake Mnyamwezi. Kofia yake ya kufuma ilikuwa nyeupe siku ya Ijumaa tu. Siku nyingine ilikuwa nyeusi kwa masizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja harusini?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kazini."

"Haya, bi harusi yuko humo ndani," akasema, akanionyesha tundu la mlango wa tanuri. Lilikuwa dogo kiasi kwamba nilijua suruali yangu haitatoka salama. Haikutoka.

Ndivyo nilivyokutana na Mhuli. Jina hilo walimpa wafanyakazi Wasukuma kabla sijafika, maana yake ni tembo. Kwa ambaye hakumwona: alikuwa garimoshi la mvuke la aina ile kubwa, boila la kutengenezea mvuke katikati, na tanuri la moto ndani yake, tangi la maji mbele, tangi la mafuta mazito nyuma, na chini yake seti mbili za magurudumu, kila seti na mashine yake. Akisimama stesheni, kichwa kilikuwa kwenye maua ya stesheni masta na mkia kwenye vyoo. Wakati huo alikuwa bado anavuta mabehewa ya pamba, ingawa kila mtu alijua dizeli inakuja.

Ndani ya tanuri mzee Rashidi alinifundisha jambo moja kwa wiki tatu. Ukuta wa tanuri umeshikwa na ukuta wa nje wa boila kwa vyuma vifupi kama boliti, mamia kwa mamia, tunaviita stei. Katikati ya kuta hizo mbili kuna maji. Stei zikikatika nyingi mahali pamoja, ukuta unafura, na ukipasuka hamtakuwa na muda wa kuulizana nani mwenye kosa. Lakini stei hukatika kwa ndani, kwa macho huioni. Inabidi uigonge kwa nyundo ndogo ya ratili moja, ukae kimya, usikilize. Nzima inalia kama njuga. Iliyokatika inalia kama kibuyu chenye ufa.

"Hii?" ananiuliza.

"Nzima, mzee."

"Rudia."

"Nzima."

"Ulisikia, au ulitaka iwe nzima ili tukale?"

Swali hilo aliniuliza mara nyingi, na mara nyingine jibu la kweli lilikuwa la pili.

Mzee Rashidi alikuwa na tabia moja tuliyoicheka kwa siri. Mfukoni alikuwa na kijiti cha mninga, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Akishagonga stei mara moja, alikuwa anaweka ncha moja ya kijiti juu ya chuma, ncha nyingine anaiuma kwa meno, halafu anagonga tena huku amefumba macho. Wengine tulisema ni dawa. Siku moja mwenzangu alimuuliza anafanya nini. Akajibu, "Niacheni, naongea naye." Tukamwacha. Mimi sikuuliza kabisa, na nitaeleza baadaye kwa nini naona vibaya juu ya hilo.

Dizeli zikaja. Sitazisema vibaya, zimenilishia watoto. Mhuli akavutwa hadi njia ya pembeni nyuma ya shedi, akaachwa. Mzee Rashidi alipostaafu alinipa nyundo yake na kile kijiti, vimefungwa kwenye kanga kuukuu. Nyundo niliithamini. Kijiti nilikitumia kukorogea grisi. Kilikaa ndani ya kopo la grisi miaka yote hiyo, na mzee mwenyewe akafariki bila mimi kukifikiria tena.

Saa ya chai nilikuwa naenda kwa Mhuli na lile kopo. Napaka vyuma vya magurudumu, naziba matundu nyoka wasiingie, nafunika bomba la moshi kwa debe. Hakuna aliyenituma. Wenzangu walikuwa wanapiga kelele toka kwenye benchi, "Mke mdogo ameshakunywa chai?" Na mke wangu, Mama Kabula, alisema jambo ambalo ni haki niliandike: "Mimi mgongo ukiniuma hujawahi kunipaka hata samli." Ni kweli. Tangu siku hiyo nikaanza kumpaka, lakini si kila siku kama Mhuli.

Halafu dhahabu ikachangamka huko Geita, makarasha ya kusagia mawe yakafunguliwa kila mahali, na kila karasha likataka shaba na chuma. Mhuli akaanza kupungua. Leo bomba, kesho bushi, ile pete ya shaba. Sikatai, baadhi ya waliochukua walikuwa wenzetu. Mimi mwenyewe nilichukua kipande cha shaba nikatengenezea bawaba ya mlango wa nyumbani. Baadaye nilikirudisha, na mlango mpaka leo unaburuza.

Sasa nije kwenye miaka miwili ya mwisho, ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Foromani wetu Mabula, ambaye kwa wengi wenu bado ni bosi, aliniita ofisini. Njia ya pembeni inatakiwa kwa mabehewa, akasema. Barua imekuja: Mhuli akatwe, auzwe chuma chakavu. Ila waliotuma barua walikuwa wamesikia kuna watu wanaompenda, wakaacha mlango mmoja wazi. Mkaguzi wa maboila atapita Shinyanga siku fulani. Kama siku hiyo boila la Mhuli litapimwa na likaruhusiwa kutoa mvuke, atahifadhiwa atembezwe siku za sherehe, watoto wa shule waje wamwone. Kama halitaruhusiwa, wenye mitungi ya gesi ya kukatia chuma waingie kazini wiki hiyo hiyo.

"Mimi naomba mabehewa yangu yapate njia," Mabula alisema. "Sitakudanganya. Lakini sitakuzuia."

Huo ulikuwa msimamo wake tangu mwanzo na hakuubadilisha. Wanaosema alikuwa adui wa Mhuli wanamwonea.

Tulianza watatu wanne, siku za mapumziko na jioni kabla jua halijazama. Lakini mtu aliyeifanya kazi isogee ni binti, Nyanzobe. Alikuwa na mwaka mmoja tu kazini kwetu. Kwao ni Kharumwa, na kabla ya reli alikuwa fundi wa makarasha, anazunguka machimboni na sanduku lake la spana kwenye pikipiki. Mikono yake ilikuwa na makovu ambayo mimi nilihitaji miaka ishirini kuyapata. Yeye ndiye aliyejua shaba ya Mhuli iko wapi, kwa sababu nyingine aliifunga mwenyewe kwenye makarasha bila kujua inakotoka. Tukairudisha kipande kwa kipande.

Yeye ndiye aliyesema, "Mzee, ile filimbi yenu ya mvuke ipo Nyarugusu. Nimeisikia kwa masikio yangu."

Tukaenda. Filimbi ilikuwa kwenye duara la Mama Limi. Duara ni shimo la uchimbaji pamoja na watu wake wote. Alikuwa ameifunga kwenye mashine ya kusukuma hewa, na kabla ya kulipua baruti ilipulizwa ili walio chini watoke. Mama Limi alikuwa mwanamke mkubwa, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anachambua mawe huku akitoa amri bila kugeuka.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Karibu. Umekuja kununua au kulia?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, ni lazima niseme hivyo, hakunikatiza. Kisha akasema, "Nilinunua sokoni, na aliyeniuzia hakuniambia ina mama yake. Hiyo filimbi imetoa watu wangu shimoni kila siku, hakuna hata mmoja aliyebaki chini. Wewe unataka niivue ili lidude lenu lipige kelele siku ya sherehe?"

Nilimwambia nyie endeleeni nayo, nikageuka niondoke. Nyanzobe akanivuta shati.

"Mama Limi," akasema, "nikikuletea kitu cha kulia kwa sauti kubwa kuliko hiyo, nikikufungia mwenyewe, na ukikijaribu wiki nzima mbele ya watu wako?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili."

Alimletea honi ya lori bovu, akaifunga, ikajaribiwa. Daftari langu linasema tulirudi na filimbi baada ya wiki mbili kamili. Nyanzobe anasema ni wiki tatu. Mama Limi alipoitoa aliifuta kwa kitenge chake na kusema, "Siku ikilia nitakuja kusikia kama inalia vizuri kuliko kwangu."

Baada ya hapo ikaja kazi yangu hasa. Kabla ya boila kujazwa maji, stei zote zilitakiwa kugongwa, na wa kuzigonga nilikuwa mimi. Hapakuwa na mwingine aliyewahi kuigusa kazi hiyo. Niliingia tanurini na nyundo ya mzee Rashidi na chaki. Iliyo nzima naweka mstari, iliyokatika naweka msalaba. Ilinichukua jioni kumi. Nilipata mbovu mbili tu, ukuta wa kulia. Nilitoka nimefurahi mno. Nikasema mbele ya watu kwamba wazungu waliomtengeneza Mhuli hawakuwa na mzaha.

Zilikuwa zimebaki siku tisa mkaguzi aje. Nyanzobe aliingia tanurini kutoa zile mbili. Nilikuwa nimechungulia mlangoni. Akapita ukuta wa kushoto, akagonga moja kwa mpini wa spana, kama mtu anavyogonga meza akipita. Akasimama. Akagonga tena.

"Mzee, hii imekufa."

"Ipi?"

"Hii yenye mstari."

"Hiyo nimeipitisha."

"Naona. Lakini imekufa. Na ya juu yake siipendi."

Hapo nilifanya kosa ambalo daftari langu halikuliandika vizuri jioni ile, nimelisahihisha baadaye. Nilisema, tena kwa sauti, kwa sababu walikuwepo wengine wanasikia: "Wewe umetoka kwenye kusaga mawe. Huyu si karasha. Nimeanza kuzigonga hizi hujazaliwa."

"Sawa, mzee," akasema. "Ila chuma ni chuma."

Akatoka tanurini, akaenda kukaa upande wa pili wa Mhuli, akala karanga zake amenipa mgongo. Wale wanne waliokuwepo wakajifanya wanatafuta spana.

Niliingia mwenyewe nikaigonga ile stei. Kwangu ililia nzima. Sikusema uongo, naomba hilo lieleweke. Nilisikia nzima.

Asubuhi yake nilikuwa nakunywa uji nyumbani. Mama Kabula amekaa kushoto kwangu. Ghafla akaweka kijiko chini kwa nguvu.

"Baba Kabula, nakuuliza mara ya tatu."

"Umeniuliza nini?"

"Niliuliza kama utapita kwa fundi wa paa. Lakini haina neno, nitahama." Akainua kigoda chake, akakaa kulia kwangu, akauliza tena.

"Kwa nini umehama?"

Akanitazama kama anayetazama mtu anayeuliza jua linatokea wapi. "Upande ule husikii. Mwaka wa pili huu, au wa tatu. Nikiwa na shida nakaa huku. Nikitaka kukusema bila ugomvi nakaa kule."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuwa nimekaa kule."

Alicheka, na mimi nilicheka kidogo. Kisha uji ukanishinda. Tanurini, ukisimama kutazama mbele, ukuta wa kushoto unaugonga sikio la kushoto likiwa karibu nao. Upande ule nilikuwa nasikia sauti za stei za mzee Rashidi, za miaka yote iliyopita. Kichwa kilikuwa kinajaza kile ambacho sikio halileti.

Nilienda shedi kabla ya zamu. Nilitaka kujaribu tena kwa sikio la kulia, nikaanza na kutafuta kitambaa cha kufutia mikono karibu na kopo la grisi. Nikakiona kile kijiti. Sijui kwa nini siku ile ndiyo nilikitoa nikakifuta mpaka mti ukaonekana. Ncha moja ilikuwa na alama za meno, zimeingia ndani, za juu na za chini.

Nikakaa chini.

Yule mzee alikuwa nusu kiziwi. Haikuwa dawa. Kelele za karakana zilimla masikio kama zilivyonila mimi, akatafuta njia ya kusikia kwa mifupa, na hakuna kati yetu aliyemuuliza kwa adabu. Tulicheka tu. Lakini lazima niandike na hili: katika miaka yote niliyokuwa chini yake, hakuna boila lililotupasukia. Alitudanganya sisi, boila hakulidanganya.

Niliingia tanurini. Nikaweka kijiti juu ya stei niliyokuwa na hakika nayo, nikakiuma, kikiwa na ladha mbaya ya grisi, nikagonga. Ikalia ndani ya fuvu, wazi kabisa, njuga. Nikahamia ile ya Nyanzobe. Kibuyu chenye ufa. Ya juu yake, kibuyu.

Nikachukua kitambaa kilicholowana, nikafuta chaki yote. Nilifuta kuta zote, na ule wa kulia pia, kwa sababu sasa sikujua nini kingine nilikisikia kwa kukumbuka. Kisha nikaenda kwa Mabula kabla sijapata muda wa kufikiri.

"Zimebaki siku nane," akasema.

"Najua."

"Umefuta yote?"

"Yote."

"Tangi la maji bado linavuja. Stei mpya hazijakerezwa. Wenye gesi wameshapiga simu wanauliza watalala wapi." Akavua miwani. "Ungekaa kimya, mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

"Na mkaguzi?"

"Labda naye asingejua. Angegonga chache. Boila lingeweza kupita."

"Sasa mbona unanitia kwenye shida, mzee wangu?"

Nilimwambia watoto wa shule watapanda pale juu. Alitukana kidogo, hakunitukana mimi, alilitukana dirisha. Kisha akatoa mafundi wawili kwenye zamu ya dizeli, akawapa lile tangi. Mabehewa yake yalisubiri. Hilo pia mliweke kwenye kumbukumbu.

Lililobaki ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Nilikuwa nimemvunjia heshima Nyanzobe mbele ya watu wanne, kwa hiyo niliona haki nimwombe radhi mbele ya wanne wale wale. Ilibidi kumsubiri mmoja wao, Juma, atoke chooni ili watimie.

"Nyanzobe," nikasema, "jana nilikosea. Stei ilikuwa imekufa. Sikio langu la kushoto limekufa pia, na wewe ulisikia vyote viwili kabla yangu. Nisamehe."

"Sikio sikulisikia, mzee," akasema. "Nilisikia stei tu." Halafu, "Yameisha. Sasa nani anagonga?"

"Wewe. Mimi nitauma kijiti."

Tukafanya hivyo siku nne. Yeye anagonga na kusikiliza kwa masikio, mimi naweka kijiti na kusikiliza kwa meno. Yeye alikuwa na chaki nyeupe, mimi nilikuwa na ya njano. Tulikubaliana hakuna anayetamka jibu kabla mwenzake hajaandika. Tukitofautiana, tunarudia. Na kila akisema "nzima" haraka haraka kuelekea saa ya chakula, nilimuuliza, "Ulisikia, au ulitaka iwe nzima ili tukale?" Mara ya tatu alinirudishia swali hilo hilo, na kwa haki kabisa.

Tulipata saba. Mbili ndizo zile nilizoziona mwanzo. Tano zilikuwa ukuta wa kushoto, nne kati yake zimekaa jirani, pamoja. Mafundi mnajua maana yake. Kwa wasomaji wengine niseme tu kwamba ukuta ungeanzia kufura hapo hapo.

Nyanzobe alipanda pikipiki akaenda Kagongwa, kwa fundi anayekereza vipuri vya mashine za kukoboa mpunga, wakakereza stei mpya mchana kutwa. Tukazifunga. Tangi likazibwa. Tulimaliza siku moja kabla mkaguzi hajafika, saa kumi jioni, na Juma akalala usingizi pale pale juu ya gogo.

Mkaguzi alikuwa kijana, mwembamba, mpole. Aliniamkia shikamoo kabla ya kuangalia kitu chochote. Aliingia tanurini na tochi, akakaa muda mrefu. Sauti yake ikatoka mlangoni.

"Kwa nini kila stei ina alama mbili?"

Mabula alinitazama. Nyanzobe alitazama chini. Nikajua hapa naweza kusema ni utaratibu wetu, na isingekuwa uongo.

"Kwa sababu mara ya kwanza nilizigonga peke yangu nikakosea," nikasema. "Nilipitisha mbovu tano. Sikio langu la kushoto halisikii. Huyu binti ndiye aliyegundua. Tukarudia wawili, yeye kwa masikio, mimi kwa kijiti."

"Kijiti gani?"

Nikampa. Alikigeuza, akakifuta kwa leso yake, akarudi ndani. Tukasikia akigonga. Kimya. Anagonga tena. Aligonga ukuta wa kushoto wote, si chache kama nilivyodhani. Alipotoka alikuwa anatema mate pembeni.

"Ina ladha ya grisi," akasema.

"Samahani."

"Inasikika vizuri." Akaandika kwenye karatasi zake, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Tukajaza boila maji, tukasukuma kwa pampu ya mkono mpaka mshale wa kipimo ukafika alipotaka, ukasimama. Akautazama nusu saa nzima bila kukaa. Hakuna jasho hata tone kwenye ukuta. Akamuuliza Nyanzobe jina lake kamili, akaliandika mahali pa mkaguzi wa stei. Jina langu aliliandika chini yake. Kisha akasema, "Washeni moto. Taratibu."

Tuliwasha kwa kuni kwanza, boila lipate joto polepole, kesho yake asubuhi tukafungulia mafuta. Moshi ulipopanda juu ya shedi, watu wa sokoni walidhani pameungua. Walikuja na ndoo. Bodaboda zikasimama barabarani. Mama Limi alifika kutoka Nyarugusu na watu wake sita nyuma ya gari, wakiwa bado na vumbi la duara, akatafuta kivuli akakaa juu ya ndoo yake.

Dereva mstaafu alifungua mvuke. Mhuli akatikisika, akapumua pembeni, pakatoka kutu, panya mmoja na vitu ambavyo sitavitaja. Kisha akaenda. Alienda urefu wake mwenyewe tu, toka maua mpaka vyooni kama ingekuwa stesheni, lakini alienda kwa nguvu zake. Sikujua nisimame wapi. Nilikuwa nimeshika kijiti mkononi kama mtu aliyesahau kushusha mzigo.

Nyanzobe alikuwa juu, mkono kwenye kamba ya filimbi. Alinitafuta kwa macho. Nikaweka ncha moja kwenye nondo ya ngazi ya Mhuli, nyingine nikaiuma. Akavuta.

Watu waliziba masikio. Mimi niliipata yote, ikiingia kwa meno na kujaa kichwa kizima, kushoto na kulia, kitu ambacho sikuwa nimekipata kwa miaka. Ilipokwisha, Mama Limi alisema kwa sauti, "Haya. Kwenu inalia vizuri zaidi. Ila si sana." Na Mabula akapaza sauti toka upande wa pili, "Mrudisheni nyuma basi, mmeziba njia!"

Mhuli amepewa banda lake. Mabehewa ya Mabula yamepata njia ya pembeni. Kazi ya kugonga stei, mara moja kila miezi mitatu, ni ya Nyanzobe, na atakayeungana naye kati yenu ajue kwamba chaki ni mbili. Masikio yenu yazibeni mnapofanya kazi kwenye kelele. Mimi sikuambiwa, au aliyeniambia alikuwa amekaa kule.

Siku yangu ya mwisho kazini nilimpa Nyanzobe nyundo na kijiti, vimefungwa kwenye kanga ile ile. Alikifungua kijiti akaona alama za meno, za mzee Rashidi ncha moja, zangu ncha nyingine. Alikitia mfukoni, akazunguka, akaja kusimama kulia kwangu, ndipo akaniaga.